Moyo wa Mshiriki Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Sayansi imenifuata yenyewe! Jioni hii dada mmoja mwembamba mwenye daftari kubwa alikuja kwenye karakana ya fundi baiskeli, pale tunapokutana sisi watu wa masafa marefu. Ni mtafiti wa chuo kikuu. Anatafuta waendeshaji kumi na wawili, umri miaka thelathini na tano hadi hamsini, waliozoea kukaa juu ya tandiko saa nyingi. Anataka kujua kama mtu wa namna hiyo, akifanyishwa mazoezi mafupi ya kufa kupona, anaongeza pumzi au anajichosha bure. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Shemeji naye akanyoosha. Kawaida yake.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Fundi bomba. Mapaja kama magunia ya mchele. Tangu nimuoe dada yake, miaka kumi na sita sasa, sijawahi kumwona uso tukiwa barabarani. Namjua kwa mgongo tu. Ndiye aliyenipa jina la Breki, eti kwa sababu kwenye mteremko nashika breki zote mbili na kufumba macho. Uongo. Nafumba jicho moja.

Tukamfuata chuoni kwa kipimo cha kwanza. Baiskeli isiyokwenda popote, barakoa mdomoni yenye mpira kama mkonga, unakanyaga mpaka miguu igome. Mimi dakika thelathini na moja. Shemeji thelathini na nne. Alinipigapiga begani akasema dakika tatu si nyingi. Alisema mara nne.

Nyumbani mke wangu aliuliza faida ya baiskeli isiyokwenda popote. Nikamwambia ni sayansi. Akasema basi bomba letu la jikoni nalo ni mwanasayansi, maana linadondoka tangu Januari bila kufika popote. Fundi simwiti. Akiitwa fundi bomba, atakuja Shemeji.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Leo tuligawanywa kwa kuokota karatasi ndani ya kofia ya baiskeli. Makundi mawili. Kundi la Kasi: siku tatu kwa wiki, sekunde thelathini unakimbia kama unafukuzwa na mbwa, kisha dakika nne polepole ili roho irudi, halafu tena, mara sita. Siku zinazobaki, kupumzika. Kundi la Polepole: saa mbili kwa siku, siku tano, mwendo wa mtu anayeweza kupiga soga, na mapigo ya moyo yasipite mia na ishirini.

Shemeji kaokota Kasi. Mimi nimeokota Polepole.

Nilimfuata mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliyeokota Kasi, nikamwomba tubadilishane karatasi kimyakimya. Akanieleza kwa nusu saa maana ya kuchagua watu kwa bahati, na jinsi utafiti unavyoharibika watu wakibadilishana. Alichora mpaka mchoro.

Tumepewa saa za mkononi. Yangu ina kibandiko cha namba saba. Haijui umbali wala mwendo, inajua mapigo ya moyo tu, inayaweka akiba, na kila Jumamosi Mtafiti anayasoma kwenye kompyuta. Umbali tunaujaza wenyewe kwenye fomu.

Tunaujaza wenyewe. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili kwa sababu inanipendeza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepiga hesabu. Kama Kasi mara tatu kwa wiki inafaa, kila siku inafaa zaidi ya mara mbili. Na mara mbili kila siku? Shemeji atatafuta pa kuficha uso! Wakati huohuo kwenye fomu nitakuwa mtu wa Polepole, mtulivu, mwenye soga.

Kikwazo ni saa. Itanichongea. Inahitaji mkono mwingine, wa mtu mwenye moyo wa taratibu.

Nilimjaribu paka. Mkono mwembamba mno, na paka hapendi sayansi. Nimefunga bandeji.

Mke wangu? Ataniuliza maswali.

Mama mkwe! Anaishi nasi. Miaka sabini na moja, anapanda na kushuka ghorofa tatu na beseni lake la nguo, anafagia, anasimama kwa majirani kila mlango. Moyo wake unatembea siku nzima lakini haukimbii. Polepole halisi. Ila humwendei mama mkwe ukamwambia akuazime moyo. Basi nikampelekea saa kwa mikono miwili, nikasema, Mama, nimekuletea zawadi ndogo.

Alilia. Akasema miaka kumi na sita amekuwa akijiuliza kama nampenda au namvumilia. Mke wangu alinitazama kama vile mbuzi amemwamkia.

Mama aliuliza hiyo saba ni ya nini. Nikasema ni saizi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeanza! Mahali: uchochoro wa nyuma ya duka la miwani ninakofanya kazi, saa ya chakula cha mchana. Kengele ya jikoni ya kuhesabia muda nimeitia mfukoni mwa shati.

Sekunde thelathini za kwanza: nilipaa. Za pili: niliona nyota. Za tatu: nilimwona marehemu mjomba wangu, akitikisa kichwa. Za nne sizikumbuki. Nilijikuta nimelala kando ya ukuta, mama muuza mboga ananimwagia maji yake ya kunyunyizia mchicha, akiwaambia wapita njia kwamba sijafa, nalia tu.

Nilirudi dukani mikono inatetemeka. Kazi yangu ni kukata vioo vya miwani, kazi ya mkono mtulivu. Nikakata vya mkuu wa shule mmoja, nikavifunga vya kulia kushoto na vya kushoto kulia. Alitoka dukani akiinua mguu juu sana, anapanda ngazi zisizokuwepo. Daktari wa macho, ambaye ndiye bosi wangu, alimtazama mpaka alipokata kona, kisha akanigeukia. Nikasema ni mtindo mpya wa kutembea.

Jioni nikarudia tena mara sita. Shemeji leo anapumzika. Mvivu!

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya utukufu.

Jana nilimwambia Mama naichukua saa kuichaji. Aliitoa kwa shida, kama mtu anayeaga. Leo Mtafiti akaiunganisha na kompyuta, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Fomu yangu inasema saa mbili barabarani. Saa inasema mapigo themanini na manne. Aliniuliza kama nina hakika niliendesha. Nikasema, dada yangu, niliendesha huku nikipiga soga.

Akasema moyo wa namna hiyo hupatikana kwa mabingwa wakubwa. Alisema kwa sauti, chumba kizima kikasikia! Shemeji alikuwa anatafuna ndizi. Akaacha kutafuna.

Nimefika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nina moyo wa bingwa. Akasema moyo ninao, kinachokosekana kiko juu zaidi.

Mama alikuwa ananisubiri mlangoni, mkono tayari umenyooshwa. Hatoki tena bila saa yake. Jengo zima sasa linajua ni saa ngapi, wanaotaka kujua na wasiotaka.

Jumanne, 18 Machi

Nusura niumbuke.

Mama amemwita mwanawe aje atengeneze bomba, bila kuniuliza. Naingia jikoni nakuta Shemeji amelala chali chini ya sinki, na Mama amemwinamia na tochi. Mkono wa tochi ndio mkono wa saa! Kibandiko cha namba saba kiko shibiri moja kutoka puani kwa mtu ambaye saa yake ina namba nne.

Nilifanya jambo la kwanza lililonijia. Nilirusha kitambaa cha vyombo juu ya mkono wa Mama na kupiga kelele, buibui! Mama akapiga ukelele wa kupasua vioo. Shemeji akainuka ghafla, paji la uso likagonga bomba, bomba likang'oka. Maji! Yaliruka mpaka darini. Mke wangu alikuja mbio na ndoo, akateleza, akafika kwa makalio.

Tulipomaliza kukausha, Shemeji, nundu kama yai, alikaa na kusema anajisikia vizuri mno siku hizi. Analala vizuri, anakula vizuri, siku za mazoezi anajituma, siku za kupumzika anapumzika kweli. Nilimsikiliza nikiwa nimeshikilia meza. Siku nane mfululizo, mara mbili kwa siku, hata leo asubuhi. Miguu imekuwa magogo. Jana nikipanda nyumbani, Mama alinipita ghorofa ya pili na beseni limejaa. Aliniuliza kama nataka anibebee mkoba.

Ni dalili nzuri. Mwili unajikusanya kabla ya kulipuka.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui niandike nini.

Mtafiti alisoma saa. Akawaomba wengine watoke. Akafunga mlango, akavuta kiti karibu nami, akasema kaka, tafadhali usishtuke.

Akasema moyo wangu unaruka mapigo. Si Jumanne tu, ambapo kuna mruko mmoja mkubwa asiouelewa (hapo namshukuru buibui). Jumatano, Alhamisi na Ijumaa pia. Unakwenda, unasita, unakimbia ovyo, unarudi. Amemwonyesha daktari wa chuo kwa simu hapohapo, na daktari kasema huyo mtu ashuke kwenye baiskeli na aende hospitali bila kuchelewa. Akasema atanipeleka mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Kwanza niliingiwa na hofu ya kufa. Nikashika kifua. Nikawafikiria watu wangu, nikajiona kwenye sanda.

Ndipo nikakumbuka. Huo si moyo wangu.

Hofu iliyokuja baada ya hapo haikuwa ya mchezo. Nilimwambia Mtafiti nitakwenda na mke wangu, nikatoka, nikasahau hata baiskeli.

Nyumbani nilimkuta Mama anapanda ngazi na beseni, anaimba. Nikampokonya beseni, nikamrudishia saa. Nikamwambia, kuna habari njema, wenye saa kama hii wanapimwa moyo bure wiki hii, twende zetu sasa hivi. Akacheka. Akasema haumwi, na kwamba hospitali humpokea mtu mzima ikamrudisha na orodha. Nikamwambia kuna na zawadi. Akasema zawadi anayo. Akaipapasa saa.

Alasiri yote nimemfuata. Akiinama, nainama. Akisimama, nasimama. Kila akisema ah, natoka jasho. Mwishowe aliniuliza nimevunja kitu gani.

Jumapili, 23 Machi

Nimesema. Yote.

Nilianza na Shemeji, kwa sababu Mama ni mama yake, na kwa sababu ana gari la kazi. Nilimkuta karakanani kwake anakata bomba. Nilisimama mbali kidogo, nikihesabu hatua hadi mlangoni.

"Shemeji, ule moyo wa bingwa si wangu."

"Najua," alisema bila kuinua kichwa. "Uliiba wa nani?"

"Wa Mama."

Hapo akainua kichwa. Nikamweleza saa, uchochoro, fomu, buibui, na alichosema Mtafiti jana. Nilisubiri ngumi. Nilikuwa nimeshachagua shavu. Yeye aliweka msumeno chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Tangu jana?"

"Nilijaribu kumdanganya aende. Akakataa."

Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kumwona uso kwa muda mrefu hivyo. Anafanana na Mama kabisa.

"Kumdanganya hujui," akasema. "Panda gari."

Mama alikuwa sebuleni na mke wangu, wanachambua mchele. Nikapiga magoti, nikasema yote tena. Mke wangu aliacha kuchambua. Mama hakuuliza habari za moyo. Hakuuliza kama atakufa. Aliitazama ile saa, akakigusa kibandiko kwa kidole.

"Kwa hiyo, mwanangu," akasema, "hii haikuwa zawadi?"

Katika maisha yangu nimekuwa na jibu la kila kitu. Nilitazama sinia la mchele.

Shemeji akamwambia, "Mama, twende ukapimwe. Huyu tutamshughulikia tukirudi."

Mama akainuka, akachukua mtandio wake. Saa hakuivua.

Jumatatu, 24 Machi

Hospitali tangu jana jioni; Mama amelazwa. Harufu ya dawa, benchi refu, sisi wanne tumekaa kama abiria wa basi lililoharibika. Walimpima Mama kwa nyaya kumi na kitu kifuani. Daktari, mzee mwenye sauti ya pole, akasema kweli, mapigo yanakwenda mrama. Ni jambo linalowapata watu wa umri wake, lina dawa, na limeonekana mapema. Wengi hawajui mpaka siku wanapoanguka. Akauliza nani aligundua.

Mke wangu akatazama dari. Shemeji akatazama viatu.

Mama akasema, "Mkwe wangu. Kwa sayansi."

Akawaambia na wauguzi. Akamwambia na mgonjwa wa kitanda cha pili, akamwonyesha saa. Nilijaribu kumsahihisha. Si kwa nguvu sana.

Tukiwa kwenye korido mke wangu alisema ataniua, lakini atasubiri Mama apone kwanza, asije akashtuka. Daktari amesema dawa ni za kila siku, mwaka mzima. Nina muda.

Jumatano, 26 Machi

Nimekwenda chuoni kuirudisha saa. Nilimwambia Mtafiti kila kitu nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Kwanza alimshukuru Mungu kwamba mama yule yuko salama. Alishukuru kweli, kwa mikono miwili. Kisha akakaa, akavuta daftari, akachora mstari juu ya namba saba. Mstari mmoja, kwa rula. Akasema kila mtu ni mmoja kati ya kumi na wawili, na amehangaika miezi mitano kutupata. Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza.

Halafu akauliza mazoezi ya kasi nimefanya mara ngapi. Nikamwambia mara mbili kwa siku, tangu tarehe kumi na moja hadi Ijumaa iliyopita, bila kupumzika hata siku moja. Kalamu ikasimama. Akasema hajawahi kusoma popote mtu aliyejaribu hivyo. Akaniomba nije Jumamosi kwenye kipimo cha mwisho, nje ya utafiti, kwa udadisi wake tu.

Kwa udadisi! Nimetoka hapo nimenyooka. Bado nafasi ninayo.

Nimemnunulia Mama saa nyingine, ya kweli, ya kwake. Nilimpa mbele ya watu wote. Aliigeuza, akaikagua pande zote kutafuta kibandiko, akauliza hii ni ya nani. Nikasema ni yako Mama. Akauliza tena. Nikasema tena. Akaivaa, akaniambia nikale.

Jumamosi, 29 Machi

Matokeo.

Shemeji: kutoka dakika thelathini na nne hadi thelathini na tisa. Watu wa Kasi karibu wote wameongezeka hivyohivyo. Watu wa Polepole wameongezeka pia, dakika moja, mbili. Mwalimu wa hesabu kaongeza dakika sita akapiga mahesabu ya asilimia kwa sauti.

Mimi: kutoka thelathini na moja hadi ishirini na tano na nusu.

Hiyo nusu niliipigania. Niliteremshwa nimeshikwa kwapani, upande mmoja Mtafiti, upande mwingine Shemeji. Ndiye aliyenivua barakoa. Hakusema kitu kuhusu dakika. Aliniuliza kama naweza kusimama, kisha akanishikia chupa ya maji nikanywa. Ningependa angesema kitu. Nilikuwa na majibu.

Mtafiti akanieleza kwa upole. Mazoezi makali hubomoa mwili kidogo, akasema, na mwili hujijenga upya, imara zaidi, mtu anapopumzika. Siku za mapumziko ndizo zinazojenga. Mimi nimebomoa siku kumi na moja bila kujenga hata ukuta mmoja. Lakini akasema kwenye ripoti yake ataandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba mshiriki mmoja aliondolewa.

Nimeingia kwenye sayansi! Nimemuuliza kama anaweza kuongeza jina langu. Amesema hapana.

Alhamisi, 3 Aprili

Klabu yetu ya baiskeli imetangaza mbio za kilomita mia. Ni mwezi Juni. Shemeji tayari yuko barabarani na mpango wake: kasi siku tatu, taratibu siku mbili, na kadhalika na kadhalika. Kila mtu sasa anamuiga.

Hakuna hata mmoja aliyemsikiliza Mtafiti! Nimekaa nimeyafikiria maneno yake kutwa nzima. Mwili hujijenga mtu anapopumzika. Kasema mwenyewe, mbele ya mashahidi. Basi kama mapumziko ya siku nne kwa wiki yanampa mtu dakika tano, wiki tisa za mapumziko matupu zitampa ngapi? Nimepiga hesabu. Jibu limenitisha.

Baiskeli nimeifungia stoo. Nimemwomba daktari wa macho likizo yangu yote ya mwaka. Amekubali haraka kuliko nilivyotarajia. Ngazi sitapanda wala kushuka. Nimelala tangu asubuhi, nimeegemea mito minne, na tayari nasikia mapaja yanajaa. Mke wangu amechungulia mlangoni, ameuliza naumwa nini. Nikamwambia niko mazoezini. Ameondoka bila neno. Nadhani ameanza kuniamini.

Sasa hivi Shemeji amepita chini ya dirisha, anahema, jasho linamtiririka, anapiga kengele kuwasalimia watoto. Nimejifunika shuka mpaka kidevuni, nimemwonea huruma.

Maskini. Anajichosha bure.